Mama Bucha na Maziwa ya Unga

Ukuta uliotenganisha mashine yangu ya kusaga na bucha yake pale Kayanga ulikuwa wa tofali moja tu, na kwa miaka kumi na miwili kila siku nilimsikia kabla ya kumwona. Asubuhi alianza na maji. Alimwaga maji ya moto juu ya meza, juu ya ndoano, juu ya sakafu, akasugua, akamwaga tena, huku akinung'unika kwa Kinyambo maneno ambayo sitayaandika hapa. Maji yakiisha ndipo kisu kilinolewa. Mteja aliyefika kabla ya kisu kunolewa aliambiwa akanunue maharage.

Kila mtu alimwita Mama Bucha, hata mchungaji alipomtaja kanisani. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wanazo ndugu zake wa Kituntu. Mimi nina habari za ukutani tu. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu, na mimi nimebeba magunia tangu ujana. Wanaume wa sokoni walimcheka, mwanamke kushika panga la nyama. Walicheka mwaka mmoja hivi, kisha wakaanza kupanga foleni, kwa sababu nyama yake ilikuwa safi na mizani yake haikusaidiwa na kidole.

Alikuwa na neno lake, "haijashika". Katika kazi ya soseji, nyama iliyosagwa na kukandwa hutakiwa ishikane, kiasi kwamba ukiigandamiza kiganjani na kugeuza mkono isidondoke. Yeye neno hilo alilitumia kwa kila kitu, bila kujali kama Kiswahili kinakubali. Zege jipya la stendi? Haijashika. Ndoa ya binti wa fundi cherehani? Haijashika. Mimi niliacha sigara mara tatu, na mara zote tatu aliniambia kupitia ukutani kwamba haijashika. Mara zote tatu alikuwa sahihi, na jambo hilo lilinikera kuliko sigara zenyewe.

Soseji alizianza kwa ajili ya vipande vya pembeni, vile ambavyo mteja huvisukuma kwa kidole na kusema hivi hapana. Alikwenda Bukoba kwenye semina ya wiki moja, akarudi na daftari, mashine ya mkono ya kusagia nyama, pakiti ya chumvi ya rangi ya waridi ya kutunzia nyama, na kopo kubwa la maziwa ya unga. Huko walimfundisha kwamba maziwa ya unga ndiyo yanayoshikanisha nyama na kuizuia isitoe maji kwenye kikaango. Walimfundisha vizuri. Soseji zake za kwanza zilikuwa laini na zilinukia mpaka kwangu, nikawa nafunga mashine mapema ili niwahi.

Sasa lazima nimlete mtu wa pili. Ng'ombe wake wote aliwanunua kwa mzee mmoja wa upande wa Kyerwa, mfugaji, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, mkavu, mwenye kofia aliyoivua akiingia mahali popote penye paa. Mama Bucha alimwita Mzee wa Ng'ombe. Alipomleta mnyama, hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la bucha mpaka shughuli iishe, akaeleza mnyama huyo alikuwa mtoto wa nani, alikuwa na tabia gani, alipenda kulala upande upi wa zizi. Mama Bucha, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, alimsikiliza mpaka mwisho. Nadhani walipendana kwa namna ile ya watu wawili wanaochukulia kazi zao kwa uzito.

Siku aliyomkaangia soseji ya kwanza nilikuwapo, nimeegemea mlango. Mzee alikula kipande, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza ni nini kilichoishikanisha nyama namna ile. Mama Bucha akahesabu kwa vidole, akiona fahari. Nyama, mafuta, barafu, chumvi, kitunguu saumu, na maziwa ya unga kidogo.

Mzee akaweka uma chini. "Maziwa?"

"Ya unga, tata," akajibu. Tata ni baba kwa lugha ya kwetu.

"Na huo unga unatoka wapi?"

Mama Bucha akaligeukia kopo, na hapo nikaona uso wake umebadilika.

Kwa wasio wa huku nieleze. Kwa wafugaji wa kwetu maziwa na nyama havikutani tumboni siku moja. Ukinywa maziwa leo, nyama ni kesho. Anayevichanganya anamdhuru ng'ombe aliyetoa maziwa hayo, titi linaharibika, na anayefanya hivyo kwa makusudi hana heshima kwa mnyama anayemlisha. Ukristo umekuja, shule zimekuja, vijana wengine wanacheka, lakini wazee wameshika hapo hapo. Sisi wakulima wa migombani hatufungwi na desturi hiyo, ila tunaijua. Mama Bucha aliijua kabla hajajua kumenya ndizi. Ungemkata mkono asingemimina kikombe cha maziwa kwenye sufuria ya nyama ya mgeni huyo. Lakini kopo lilikuwa na neno unga, na katika kichwa chake unga ulikwenda kukaa kwenye rafu pamoja na ngano na mahindi. Mtu wa mbali angekosea kwa kutojua desturi. Yeye alikosea kwa kuamini Kiswahili.

Mzee hakupaza sauti. Aliomba maji, akasukutua mdomo pale mferejini, akarudi, akatupa mkono wa kwaheri mmoja mmoja, mimi nikiwamo, akavaa kofia yake na kuondoka. Ningefurahi kama angetukana.

Ng'ombe wa mwezi uliofuata hakuja, wala wa mwezi wa pili. Mnadani walikuwapo ng'ombe wengine, na Mama Bucha alinunua hao, bucha haikufungwa hata siku moja. Watu walimwambia mzee ana mambo ya kizamani, amwache. Aliwajibu waende na uzamani wao. Mimi aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Nimemlisha mtu kitu asichokula, tena kwa mkono wangu, akiniamini. Nitatengeneza soseji anayoweza kuila mwenye ng'ombe, na ataila mbele yangu."

Kopo la maziwa ya unga aliligawa siku ile ile kwa mama mmoja mwenye watoto. Kisha akachukua swali la mzee akalifanya lake. Kila kilichokuwa mezani alikiuliza kinatoka wapi. Kitunguu saumu, kwa jirani. Tangawizi, nyuma ya nyumba. Chumvi ya waridi alishindwa kuijibia, naye alikuwa ameamua kwamba asichoweza kukielezea mlaji hakitaingia. Bwana afya alikuja akamweleza kwa upole kwamba chumvi ile haikuwekwa kwa ajili ya rangi tu, kwamba inazuia sumu isiyo na harufu katika nyama inayokaa muda mrefu, na kwamba hakuna jani la kuaminiwa kwa kazi hiyo. Mama Bucha alimsikiliza mikono ikiwa nyuma. Mwisho akasema, "Basi ya kwangu haitakaa." Tangu hapo aliuza soseji mbichi tu, za kwenye friji, siku nne, na ya siku ya tano aliitupa shimoni mbele ya macho yetu, tukisononeka.

Kilichobaki ni kuishikanisha nyama bila maziwa, na kuyalinda mafuta yasichachuke ndani ya hizo siku nne. Alilifuata jambo hilo miaka minne. Wenzake wa rika lake walikuwa wanajenga nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa anakausha ndizi juu ya bati.

Unga wa ndizi ndio ulionifanya niwe mshirika, kwani uliletwa kwangu kusagwa. Ndizi mbichi za kupika, zikamenywa, zikakatwa vipande vyembamba, zikaanikwa. Mara ya kwanza zilikauka nyeusi, na soseji ikatoka na rangi ya saruji. Alizipanga kwenye sinia kwa wateja kama kawaida, bila kuomba radhi. Hakuna aliyenunua. Mara ya pili alitumbukiza vipande kwenye maji ya ndimu kabla ya kuanika, unga ukatoka mweupe, lakini aliuweka mwingi mno na soseji ikaliwa kama kiporo cha ndizi. Mara ya tatu kosa lilikuwa langu. Nilisaga ndizi zake mara tu baada ya pilipili za mtu mwingine, bila kupitisha pumba kwanza kusafisha mawe. Jioni alikuja na soseji moja nzima kwenye uma, akasimama mbele yangu mpaka nilipoimaliza. Machozi yalinitoka. Aliniuliza kama imeshika.

Halafu kukawa na kivumbasi. Jani lile linanukia vizuri, na alikuwa amesikia kwamba majani ya harufu kali husaidia mafuta yasiharibike upesi. Alikuwa sahihi kuhusu mafuta. Alichosahau ni kwamba kwetu kivumbasi ndicho tunachojifukizia tukiwa na homa. Wateja waliuma mara moja, wakamkumbuka kila mmoja bibi yake akiwafunika blanketi juu ya sufuria ya mvuke. Kwa muda wa mwezi mzima soko lote liliziita soseji za malaria. Alipunguza mkono, akapunguza tena, mpaka jani likabaki kwa mbali, unalihisi ukimaliza kutafuna. Hakuliacha.

Kilichomfungulia njia hasa ni kahawa ya kutafuna. Mgeni anayefika nyumba ya heshima huku hupewa punje chache kiganjani, kahawa iliyochemshwa ikiwa na ganda lake pamoja na majani ya kunukia, ikakaushwa. Siku moja mteja alimpa punje mbili, naye akazitazama badala ya kuzitia mdomoni. Aliniita. Akasema hizi zinakaa mwaka mzima kwenye kikapu, hakuna aliyezitia kitu cha kiwandani, na zikitafunwa ni nzuri. Wiki ile alikusanya maganda mekundu ya kahawa ambayo watu huyatupa shambani kama mbolea, akachagua, akaosha, akakausha, nikasaga. Kijiko kimoja kidogo kwa kilo kilitosha. Siku ya nne mafuta yalikuwa bado hayana ile harufu ya kuchacha, inayofanana na ya rangi ya mlango. Alipozidisha akaweka vijiko vitatu, mwalimu mkuu mmoja alikuja kulalamika kwamba yeye na mkewe hawakupata usingizi. Alimwambia asahihishe madaftari.

Msidhani alikuwa mtu wa majani na mizizi katika maisha yake. Alimeza panadol kwa kuumwa kidogo tu, tena mbili mbili. Staftahi yake ilikuwa soda nyekundu na mkate. Nyama yenyewe alikula Jumapili tu, na alipoonja soseji alitema. Aliwatukana wateja lakini mifupa ya supu ilikwenda kwa wagonjwa kila Ijumaa na hakutaka itajwe. Kisu hakumwazima mtu, hata dada yake. Mzee wa kanisa aliposhauri waiombee kazi hiyo ya soseji ifanikiwe, alikataa kabisa. Alisema waombewe wagonjwa, soseji inataka kupimwa. Na alipima kweli, kila mara, kwa mizani ndogo ya dawa, akaandika katika daftari kwa mwandiko wa darasa la saba ulionyooka kuliko wa karani. Kitu asichokiandika alisema hakijafanyika. Ilinichosha. Nilimpenda, lakini ilinichosha, na siku nyingine nilijifanya mashine imeharibika ili nipumzike na ndizi zake.

Ng'ombe wa Mzee walirudi baada ya mwaka, wakiletwa na mwanawe kwenye gari. Mara chache mzee mwenyewe alikuja nao, akasalimia akiwa amesimama nje, akauliza habari za watoto, akaondoka. Benchi hakulikalia tena. Mama Bucha hakuwahi kumwambia anachokitafuta. Nilimuuliza kwa nini asimweleze tu kwamba maziwa yametoka, unga wa ndizi umeingia. Akasema maneno aliyatumia siku ile, na maneno ndiyo yaliyomponza.

Kisha akahama. Ndizi nzuri kwa unga wake zilikuwa Bugomora, na huko walikuwapo wanawake waliotaka kujifunza kuzikausha, kwa hiyo bucha akamwachia mpwa wake, akapanga chumba huko na kuweka vichanja vya kukaushia. Aliniaga kupitia ukutani. Alisema mashine yangu inapiga kelele upande wa kushoto, niitazame. Niliitazama, na beringi ilikuwa imekwisha.

Mwaka jana, kiangazi, alinipigia simu. Alisema Jumamosi anakwenda kwa Mzee wa Ng'ombe, ameshatuma salamu kwamba anakuja, na mimi lazima niwepo kwa kuwa nilikuwepo siku ya kosa. Hakuuliza kama nina nafasi. Nilipanda hiace, kisha bodaboda, nikamkuta njia panda amekalia ndoo. Alikuwa amepungua. Mguu mmoja aliuvuta, na nilipomshika mkono kumwinua niliona huzuni ambayo sikuitarajia, kwa kuwa mkono ule ulikuwa umekuwa mwepesi. Alikuwa na soseji kwenye boksi la barafu, jiko lake la mkaa, kikaango chake, kisu chake. Hakutaka nyama yake iguse chombo cha nyumba ile, kwa sababu hakujua kipi ni cha maziwa.

Mzee alitupokea mlangoni mwa ua, amezeeka naye, kofia mkononi. Tulimwamkia, akatuitikia taratibu kama zamani. Mkewe akaleta maziwa. Katika nyumba ya mfugaji mgeni hupewa maziwa, na kuyakataa ni kusema hukuja kwa wema. Tukanywa, mimi vikombe viwili, kwa sababu nilikuwa na kiu na yalikuwa mazuri. Wajukuu walikunywa, jirani aliyepita akanywa. Sikuwa na haja ya kuangalia nani hana kikombe.

Mama Bucha akawasha jiko lake uani, akakaanga. Hakueleza kitu. Soseji zilipoiva akazipanga kwenye jani la mgomba, nami, mjinga wa migombani, tumbo limejaa maziwa ya watu, nikanyoosha mkono. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mzee aliona.

"Hamna maziwa, tata," akasema. "Kilichoshika ni ndizi. Ndani kuna ganda la kahawa na kivumbasi. Kila kitu naweza kukupeleka ukaone kinapoota."

Mzee alizitazama soseji. "Kula wewe kwanza," akasema.

"Siwezi. Nimekunywa maziwa yako sasa hivi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu. Yeye si mfugaji, hakuna desturi ya kwao inayomzuia, na alikuwa amefanya kazi miaka yote hiyo kwa ajili ya saa ile. Angeweza kuuma kipande kimoja mambo yakaisha. Nilikaa pale nikiona safari imeharibika, kwa sababu mwenyeji naye bila shaka amekunywa kama kila siku ya maisha yake, asubuhi na jioni, na hakuna wa kuila soseji ile mpaka kesho, na kesho zitakuwa zimepoa na sisi tumeondoka. Niliwaonea uchungu wote wawili.

Mkewe Mzee ndiye aliyecheka, taratibu, akitazama pembeni.

"Mimi leo sijanywa," Mzee akasema. "Tangu jana jioni. Nilipata salamu kwamba unakuja."

Akasogeza kigoda chake karibu na jiko na kunyoosha mkono. Mama Bucha akageuka kutafuta kisu cha kumkatia, na alikitafuta kwa muda, akipapasa boksi, akipapasa kanga yake, nacho kilikuwa mbele yake. Sikumwonyesha. Nilimwacha akitafute mpaka macho yake yalipokauka.